Gari Likivutwa, Vilivyomo Ndani ni vya Nani?

Katika usiku mmoja wa kumi la pili la Ramadhani iliyopita, waumini waliohudhuria Tarawehe katika msikiti wetu hapa Columbus, jimbo la Ohio, walizidi nafasi ya maegesho tuliyo nayo. Waliochelewa walivuka barabara wakaegesha magari yao katika uwanja wa maduka yaliyokuwa yamekwisha kufungwa. Tulipotoka, uwanja ulikuwa mtupu. Magari manne yalikuwa yamevutwa.

Mmoja wa wenye magari hayo alikuwa mama kijana, mzaliwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambaye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu na usiku ule alikuwa katika jimbo jingine. Ndani ya gari lao mlikuwa na kiti cha mtoto, sare ya kazi, mkoba wenye insulini ya mama mkwe wake, na bahasha ya karatasi za ombi lao la ukaazi. Siku ya Alhamisi ya wiki ile ile alitakiwa kufika na karatasi hizo kwenye usaili wa uhamiaji. Ule ulikuwa usiku wa kuamkia Jumanne.

Tulimchukua katika gari la mmoja wetu tukaenda naye mpaka yadi yalikopelekwa magari. Mhudumu, akiwa nyuma ya kioo kinene, alitutajia kiasi cha kulipa na kutuambia kuwa hakuna kitakachotoka humo, hata kitambaa, mpaka deni lote lilipwe. Fedha hizo hatukuwa nazo usiku ule. Yule mama hakubishana. Alitugeukia akasema, "Katibu, gari si kitu, litakuja. Naililia dawa ya mama." Nasi tukainamisha vichwa na kuondoka, tukiamini kuwa neno la mhudumu yule ndiyo sheria.

Kabla ya wakati wa daku, sukari ya bi mkubwa ilipanda, akakimbizwa hospitali. Alhamdulillahi, alipata nafuu na siku ya pili alirudi nyumbani. Lakini sisi wa kamati hatukupata usingizi, na asubuhi tulipomweleza habari hii wakili wa ofisi moja ya msaada wa kisheria, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akatuambia jambo lililotuuma zaidi ya tukio lenyewe: sheria ya Ohio ilikuwa upande wa mama yule, nasi tulikuwa tumeondoka pale kwa kutojua.

Ndiyo sababu tunaandika makala haya. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zinaishi Marekani, au zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi huko. Katika miji mingi ya nchi ile gari si anasa. Gari ndilo humfikisha mtu kazini na kumfikisha mgonjwa kwa daktari, na kwa familia nyingi ndilo kabati la pili la nyumba.

HAKI YA KUSHIKILIA NI NINI?

Tuanze kwa uadilifu. Waumini wetu waliegesha mahali pasipo pao, na mwenye uwanja ana haki ya kutaka uwanja wake ubaki wazi. Kampuni iliyoyavuta magari nayo ilifanya kazi, na kazi ina ujira. Sheria za majimbo ya Marekani huipa kampuni ya namna hiyo haki ya kulishikilia gari mpaka ilipwe gharama za kuvuta na za kuhifadhi. Haki hii si ngeni kwetu. Fundi wa saa au wa cherehani hukaa na kifaa alichokitengeneza mpaka mwenyewe aje na malipo.

Tofauti yake na rehani tunayoijua katika fiqhi ni kwamba rehani hutokana na mapatano. Mkopaji hutoa kitu kinachojulikana, naye mkopeshaji hukipokea kwa ridhaa, kama ilivyotajwa katika Surat al-Baqarah, aya ya 283. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliweka rehani deraya yake kwa shayiri aliyoinunua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, na deraya hiyo ilijulikana na pande zote mbili. Mwenye gari lililovutwa hakupatana na mtu yeyote. Sheria ndiyo iliyoliweka gari lake mahali pa dhamana bila yeye kuwapo. Kwa kuwa dhamana hiyo haikutokana na ridhaa, ni lazima sheria hiyo hiyo iseme mipaka yake: inashika nini, kwa muda gani, na kwa fedha kiasi gani.

Swali la mkoba wa insulini ni swali la mpaka. Je, anayelishika gari ameshika na vilivyomo ndani yake?

MAJIMBO YANASEMAJE?

Marekani haina sheria moja ya taifa zima juu ya jambo hili. Kila jimbo lina yake. Hata hivyo, katika majimbo tuliyoyapitia, yote yanaelekea upande mmoja.

Huku Ohio, sheria ya magari yanayovutwa kutoka maeneo ya watu binafsi inampa mwenye gari haki ya kuchukua vitu vyake vya binafsi bila kulichukua gari na bila kulipa ada yoyote, mradi aonyeshe uthibitisho wa umiliki. Uthibitisho huo waweza kuwa hati ya umiliki, kadi ya usajili wa gari, au mkataba wa kulikodi. Akienda nje ya saa za kazi, yadi inaweza kumtoza ada ya kufunguliwa, na kiwango chake kimewekwa na tume ya jimbo inayosimamia huduma za umma. Vitu vilivyofungwa katika gari havimo katika haki hii, na wala havimo vile ambavyo polisi wamesema vinahitajika katika uchunguzi wa jinai.

California imelisema jambo hili kwa uwazi zaidi. Sheria yake ya magari inatamka kuwa haki ya kushikilia haigusi kabisa mali ya binafsi iliyomo ndani ya gari au juu yake, na kwamba mali hiyo apewe mwenye gari lililosajiliwa kwa jina lake, au wakala wake, mara tu anapoidai, bila malipo, katika saa za kawaida za kazi. Florida nayo inaiagiza kampuni imruhusu mwenye gari kulikagua gari lake na kumwachia mali yote isiyofungwa kwenye gari.

Minnesota, jimbo lenye Waislamu wengi waliotoka pembe yetu ya Afrika, imewatazama hasa wanyonge. Mwenye gari akileta barua ya ofisi ya serikali, ya shirika lisilo la kibiashara au ya ofisi ya msaada wa kisheria, inayoonyesha kuwa hana makazi, au anapokea msaada wa serikali unaotolewa kwa sababu ya uhitaji, au anastahiki msaada wa kisheria, basi ana haki ya kuchukua kila kilichomo ndani bila malipo, iwe atalikomboa gari au hatalikomboa. Vipuri vya gari na vifaa kama redio havihesabiwi katika vitu hivyo.

Waliotunga kanuni hizi walitambua jambo lililo wazi hata kwa mtoto. Deni limetokana na gari, na gari lina thamani ya kulitosheleza. Dawa ya mgonjwa, vyombo vya kazi vya seremala na vitabu vya mwanafunzi havimfaidii kitu aliyevishika. Faida yake ni moja tu, kumbana mwenyewe mpaka asalimu amri, na hilo sheria haikulikubali.

SHAURI LA MPANGAJI MGONJWA

Yupo atakayeuliza kama sheria hizi za majimbo zina nguvu mbele ya kampuni zenye mawakili. Jibu moja lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2013, katika shauri lililotoka jimbo la New Hampshire.

Mwezi Februari 2007, wakati wa dhoruba ya theluji, mpangaji mmoja alikuwa hoi kitandani kwa maradhi. Kanuni ya majengo aliyopanga ilitaka magari yaondolewe uwanjani ili theluji isafishwe. La kwake halikuondolewa, likavutwa. Punde baadaye alilazwa hospitali, akakatwa mguu wa kushoto kwenye kifundo, na akiwa huko akapatwa na mshtuko wa moyo. Alitoka mwezi Aprili. Barua ya kampuni ilipelekwa alikopanga zamani, ikarudi bila kumfikia. Wakili wake alipogundua gari lilipo, aliijulisha kampuni kuwa mteja wake yu tayari kulipa na kulichukua. Hata hivyo kampuni ililitoa gari kwa mtu mwingine, naye mwenyewe hakupata hata senti.

Mahakamani kampuni ilijitetea kwa sheria ya taifa zima ya mwaka 1994, inayoyazuia majimbo kuingilia bei, njia na huduma za wasafirishaji wa mizigo kwa malori. Majaji wote tisa waliukataa utetezi huo. Katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, walieleza kuwa sheria ile inahusu usafirishaji, na usafirishaji ulikwisha pale gari lilipofikishwa yadi. Namna lilivyohifadhiwa na lilivyouzwa ni mambo ya sheria ya jimbo. Zaidi ya hayo, haikuwa sawa kampuni itegemee sheria ya jimbo ili ipate haki ya kuliuza gari, kisha iikatae sheria ile ile pale inapoitaka imtendee haki mwenye gari.

Tuliposoma hukumu hiyo tulimkumbuka bi mkubwa wetu. Mtu anaweza kupoteza mali kwa sababu tu alikuwa mgonjwa na barua haikumfikia. Basi anayekishika kitu cha mwenziwe kwa ajili ya deni bado ana wajibu juu ya kitu hicho. Ni amana mkononi mwake kabla ya kuwa dhamana ya fedha yake.

TULIVYORUDI YADI

Baada ya kumsikiliza wakili siku ile ya Jumanne, tulikuwa na jambo moja zaidi la kujifunza. Aliuliza: "Kadi ya gari iko wapi?" Mama akajibu kuwa imo ndani ya gari. Ndivyo wengi wetu tunavyofanya, kwani askari wa barabarani huitaka pale pale. Lakini gari likivutwa, uthibitisho wa kuwa ni lako huondoka nalo. Hata kama usiku ule tungeijua sheria, mkononi hatukuwa na karatasi ya kuitumia.

Yaliyomwokoa yalikuwa mawili. Hati ya umiliki ilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Pili, mumewe alipolinunua gari aliandikisha majina yote mawili, lake na la mkewe. Lau angeandikisha lake peke yake, sheria ingemtazama yeye kama mwenye gari, naye alikuwa mbali kwa safari ya siku mbili.

Tulifika yadi adhuhuri tukiwa na hati, kitambulisho na nakala ya kifungu cha sheria aliyotupa wakili. Mhudumu wa mchana alikuwa mwingine. Tulimsalimu, tukamweleza kwa upole kuwa hatukuja kulichukua gari bali vitu vilivyomo, tukamwonyesha hati. Alikisoma kifungu, akapiga simu, kisha akatufungulia lango. Palikuwa na majadiliano mafupi juu ya kiti cha mtoto, kama ni kitu kilichofungwa katika gari ama sivyo. Mama akafungua mkanda, akakinyanyua kwa mkono mmoja, na mjadala ukaishia hapo. Insulini ilikuwa imelala katika gari kwa saa nyingi, hivyo mfamasia akashauri isitumike. Bahasha ilikuwa salama. Siku ya Alhamisi alifika kwenye usaili na karatasi zake zote.

Gari lenyewe lilitoka siku ya Ijumaa, baada ya mume kutuma fedha na jamaa kuongezea. Ada ya kuhifadhi ilikuwa imepanda kila siku. Hiyo tuliilipa bila manung'uniko, maana ilikuwa deni halali. Risiti tumeiweka.

YA KUZINGATIA KATIKA KILA NYUMBA

Tunawaomba wazazi wayasome haya pamoja na vijana wao wenye leseni.

Kwanza, someni kibao kabla ya kuzima injini. Ohio inataka kibao cha onyo kiwe na ukubwa usiopungua inchi 18 kwa 24, kionekane kutoka kila mlango wa uwanja, na kitaje simu na mahali gari linakoweza kupatikana. Kama kibao hakipo, kipigeni picha kiwanja jinsi kilivyo. Picha hiyo ni ushahidi.

Pili, wekeni nakala ya kadi na ya hati ya umiliki nyumbani, na picha zake katika simu. Mume na mke wanaotumia gari moja waangalie ni jina la nani lililoandikwa.

Tatu, mkilikuta gari limeinuliwa lakini bado halijaondoka, semeni na dereva papo hapo. Ohio inawataka waliachie kwa malipo yasiyozidi nusu ya ada ya kuvuta. California nayo inaagiza gari ambalo halijatoka katika uwanja huo liachiwe mara mwenyewe anapolidai, na malipo yasizidi nusu ya ada ya kawaida.

Nne, gari likitoweka, pigieni polisi kwanza. Katika Ohio kampuni hutakiwa kuwaarifu polisi ndani ya saa mbili, kwa hiyo mtajua kama limevutwa au limeibwa.

Tano, dai la vitu na dai la gari ni madai mawili. Msisubiri fedha za gari ndipo mkafuate dawa. Andikeni orodha ya vilivyomo, nendeni saa za kazi, na mkikataliwa ulizeni jina la aliyekataa na sababu yake, kisha mfuate ofisi ya msaada wa kisheria. Msipandishe sauti. Mwenye haki hahitaji kelele.

Sita, msikae kimya. Kila siku huongeza deni, na baada ya taarifa na muda uliowekwa na jimbo, gari huweza kuuzwa. California inasema wazi kuwa likishauzwa kisheria, aliyelishikilia hana jukumu tena juu ya vitu vilivyokuwamo. Anayehama nyumba abadilishe anwani yake katika ofisi ya usajili wa magari, ili barua isimkose kama ilivyomkosa yule mpangaji. Na anayeona gari lake lilivutwa isivyo halali, aulize muda wa kulalamika. Texas, kwa mfano, inatoa siku 14 tangu gari liwekwe yadi, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kisheria, kuomba shauri lisikilizwe na hakimu.

NA SISI KAMATI

Haifai tuwanasihi wengine tukajisahau. Kosa la kwanza la usiku ule lilikuwa letu. Kibao kilikuwapo ng'ambo ya barabara, sisi tulikiona kila siku, wala hatukumtahadharisha muumini hata mmoja. Baada ya Idi tulimwendea mwenye maduka, tukamwomba radhi, tukazungumza. Amekubali kwa maandishi tutumie sehemu ya uwanja wake baada ya saa za biashara katika usiku wa Ramadhani, kwa sharti la kuuacha safi. Makubaliano yale yangeweza kupatikana mwaka mmoja kabla, lau tungebisha hodi.

Tumeteua vijana wanne wa kuelekeza magari, na tumebandika mlangoni, chini ya ratiba ya sala, karatasi yenye haki za mwenye gari kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza. Yule mama ndiye aliyeisoma rasimu ya Kiswahili na kuisahihisha. Aliongeza mstari mmoja ambao sisi hatukuufikiria: dawa ya mgonjwa isiachwe garini hata kwa muda wa sala moja. Bi mkubwa sasa huingia nayo msikitini, katika kikapu kidogo cha ukindu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakiweka mbele yake penye msala.

Wabillahi tawfiq.